Povu la Maabara na Ugonjwa wa Mbalanga

Katika maabara za sekondari, wanafunzi hutia haidrojeni peroksaidi juu ya kipande cha ini, wakatazama povu likifoka. Kimeng'enya kiitwacho katalesi huigeuza sumu hiyo kuwa maji na oksijeni. Somo huishia hapo, nayo ni hasara.

Mwaka 1991 watafiti walitangaza kuwa katalesi hupungua katika ngozi ya wagonjwa wa mbalanga. Peroksaidi ikizidi, seli zitengenezazo rangi huumia, kisha chembe nyeupe za damu huzishambulia. Basi mbalanga si laana, wala hauambukizi. Mwalimu aonyeshaye povu bila kulisema hilo amefundisha nusu ya somo, na mwanafunzi mwenye mabaka ataendelea kukaa peke yake dawatini.