Usisingizie Baridi: Mbwa na Paka Wanapobadilika Wakati wa Mavuno



Kila mwaka, mvua zikishakata na baridi ya Juni ikianza kushika hapa Mlowo, maswali ninayopokea kuhusu mbwa na paka huwa yale yale. Paka hatoki jikoni. Mbwa aliyekuwa halali mbali na nyumbani sasa anashinda sokoni. Mbwa mpole amekuwa mkali. Na mara nyingi mwenye mnyama anakuja na jibu lake mkononi: "Nadhani ni baridi tu, itapita."

Mara nyingi ni kweli. Ila siku isipokuwa kweli, anayeumia ni mtoto aliyeng'atwa. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: msimu tuupe sehemu yake, lakini tusiusingizie kila kitu.

Msimu unabadilisha nini

Ukisoma kwenye simu utakuta ushauri wa Ulaya kuhusu mbwa na paka kuota manyoya mazito siku zinapofupika. Huko mchana hupungua kwa saa nyingi. Hapa kwetu tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka ni kama saa moja tu, kwa hiyo usitegemee manyoya ya mbwa wako yamkinge. Kinachobadilisha tabia hapa ni vitu viwili: baridi ya usiku na mavuno yenyewe.

Baridi humfanya mnyama atafute joto na chakula zaidi. Paka atalala kwenye majivu, na wengine huungua miguu na manyoya. Atapanda pia juu ya injini ya gari iliyozimwa muda si mrefu. Ndugu madereva mnaopakia mahindi alfajiri, gongeni boneti kabla ya kuwasha. Mbwa naye anahitaji kula zaidi ili apate joto. Ukimpa kipimo kile kile cha ugali cha Februari, atakonda au atatoka kwenda kujitafutia. Ongeza chakula, mtandikie gunia kavu mahali pasipopita upepo, na watoto wa mbwa uwaangalie zaidi.

Mavuno nayo yana yake. Mahindi yakishakatwa shambani, panya hukosa maficho na chakula, wanahamia nyumbani na stoo. Paka atawinda usiku kucha na mchana atalala. Hata dagaa ulizomwekea anaweza kuziacha. Huyo haumwi, yuko kazini. Mbwa aliyekuwa analinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori sasa hana kazi. Atafuata harufu ya supu na mabaki ya nyama sokoni, na huko atakutana na mbwa wa vijiji vingine. Wakikutana watang'atana, hasa akiwepo jike aliye kwenye joto.

Mambo haya yana sababu unayoiona kwa macho. Mnyama anakula, anakutambua, anaitika ukimwita. Huo ndio msimu.

Sumu ya panya

Paka akianza kulegea, akapumua kwa shida, akatoka damu puani au fizi zikapauka, hapo baridi haihusiki. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyeila huchukua siku kadhaa kufa. Katika siku hizo anatembea polepole, na paka humkamata kwa urahisi. Kwa hiyo unaua panya mmoja, unampoteza paka ambaye angekamata wengine wengi.

Kwa wenye stoo za magunia nasisitiza: panga magunia juu ya vichanja mbali na ukuta, ziba matundu, fagia punje zilizomwagika, tumia mitego. Hata mifuko isiyopitisha hewa panya huitoboa, kwa hiyo usafi wa stoo ni lazima. Na vipakiti vya sumu visivyo na maelezo tusivinunue wala tusiviuze.

Kichaa cha mbwa hakina msimu

Hapa ndipo neno "itapita" linapoua. Mbwa mpole akiwa mkali bila sababu, au mkali akawa mpole kupita kiasi, akijificha gizani, sauti ya kubweka ikibadilika, taya ikilegea na mate kuchuruzika, akishindwa kumeza, akiuma mawe na vijiti, akiyumba miguu ya nyuma: usiseme baridi. Paka pia huugua, na huwa mkali ghafla.

Kosa ninalolihofia zaidi ni la mtu kudhani mbwa amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono mdomoni kuutoa. Usifanye hivyo. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu, pilipili wala dawa ya kienyeji. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kama mnyama anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, na afisa mifugo wa kata apewe taarifa. Usimuue haraka na kumtupa, wala usile nyama ya mnyama aliyeng'atwa na mbwa huyo.

Kuna anayeniambia, "Mbwa wangu nimemfunga, chanjo ya nini?" Mbwa mgonjwa anayezurura haombi ruhusa kuingia uani kwako, na aliyefungwa hawezi hata kukimbia. Mwingine anadhani chanjo ni ya mbwa peke yake. Paka anapita juu ya dari za nyumba tatu kwa usiku mmoja, naye achanjwe. Chanjo huanza akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kwa mbwa ni sindano moja kwa mwaka. Binadamu aliyeng'atwa anahitaji sindano kadhaa, nauli za kwenda na kurudi, na siku za kazi zinapotea wakati mahindi bado yako shambani.

Neno la mwisho ni kwa wafanyabiashara wa soko. Mbwa wa sokoni mnasema hana mwenyewe, lakini kila jioni mnamtupia mabaki, na usiku analala kwenye vibanda vyenu. Basi ana wenyewe wengi. Fedha ya mauzo iko mkononi sasa kuliko miezi mingine. Changeni kidogo, mtoeni taarifa ofisi ya mifugo ya kata, tupange siku ya chanjo, na kila mmoja mwenye mbwa au paka nyumbani amlete siku hiyo hiyo.

Baridi itaisha Agosti. Mnyama wako akibadilika kabla ya hapo na huoni sababu yake, usisubiri iishe. Toa taarifa siku hiyo hiyo.