Sauti ya Malenga Isiitwe AUD

Wapenzi wa ushairi, hebu fungueni simu zenu mtazame majina ya faili za sauti mlizotumiwa. Mtakuta kitu mfano wa AUD-20190314-WA0007. Wengi hudhani tarakimu zile ni siku ya kurekodiwa. Sivyo. Hiyo ni siku faili ilipoingia katika simu kwa njia ya WhatsApp. Mtunzi hayumo, shairi halimo, mghani hayumo. Podikasti nyingi tunazopakua nazo hutua na majina ya herufi na tarakimu zisizosomeka.

Wahenga hawakuziacha tungo zao ziende uchi namna hiyo. Mwana Kupona, katika beti za mwisho za utendi aliomtungia bintiye, ametaja jina lake, mahali alikozaliwa, yaani Pate, na mwaka wa Hijria 1275, ambao ulianza mwaka 1858. Utungo ulibeba cheti chake wenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, tungo zake nyingi zilibaki vinywani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua akalazimika kuzikusanya na kumpatia W. E. Taylor, diwani haikuchapishwa hadi 1940. Kazi yote hiyo ni ya kumtafutia mtunzi jina lake.

Hapa Kongowe tulifiwa na malenga mwenzetu. Familia ikaomba sauti yake kwa ajili ya arobaini. Sauti zilikuwapo, tena nyingi, zimetawanyika katika simu zetu. Tulikaa jioni mbili tukifungua faili moja baada ya nyingine. Kuna moja inayotugawa hata leo: sauti ni yake, mahadhi ni yake, lakini je, tungo ni yake au alighani ya mwingine? Wa kuulizwa hayupo.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu huu kwa tungo: mtunzi, jina la shairi, mghani, tarehe ya kurekodiwa. Mtunzi na mghani watengwe daima, hata wakiwa mtu mmoja. Kwa podikasti zinazotoka kila wiki, litangulie jina la kipindi, kisha tarehe, kisha mada. Tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku: 2024-03-09. Ukiandika mwezi kwa neno, simu itapanga kwa alfabeti, na Agosti itatangulia Januari. Vivyo hivyo sehemu ya 2 iitwe 02, la sivyo 10 itaitangulia. Tarehe usiyoijua, andika «haijulikani», usibuni.

Majina yetu yaandikwe kama tunavyoitana. Shaaban Robert akae kwenye Sh, si kwenye R kama maktaba za kigeni zinavyompanga. Chagua pia tahajia moja uishike: leo Shaaban na kesho Shabani ni watu wawili machoni pa mashine. Utenzi na utendi ni hivyo hivyo. Mimi hufuata jina alilolipa mtunzi, na nikikosa hilo huandika utenzi. Ipo pia ritifaa ya ng', ambayo simu moja huiandika wima na nyingine huipinda, na ukitafuta kwa hii huenda usiipate ile. Katika majina ya faili mimi huiacha kabisa, ingawa mwalimu wa sarufi aliye ndani yangu hunung'unika.

Nasikia vijana wakisema taabu hii ya nini, wakati maelezo yanaweza kuhifadhiwa ndani ya faili yenyewe. Yahifadhiwe, ni vyema. Lakini ndugu wa marehemu, akishika simu yake ya kawaida, ataona jina la nje tu. Wengine wanasema mashine itatambua sauti. Hata ikimtambua mghani, haitamjua mtunzi ambaye hakutajwa popote.

Ukishalipa faili jina, itume kama hati, si kama sauti. Ikitumwa kama hati, jina hufika kama ulivyoliandika. Ikitumwa kama sauti, mara nyingi mpokeaji huipata kwa jina la AUD. Na kabla ya mghani kuanza, mwombeni ataje kwa kinywa chake mtunzi, shairi, mahali na tarehe. Ni sekunde kumi tu, na hazifutwi na mtu anayebadili jina la faili.