Mnyoo, Jeni na Saratani ya Matiti

Tangu Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani watunukiwe Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2024, nimewasikia wanafunzi, na hata baadhi ya walimu wao, wakidai kwamba dawa ya saratani ya matiti imekwisha kupatikana. Haijapatikana. Walichovumbua, kwa kumchunguza mnyoo wa milimita moja, na kukitangaza mwaka wa 1993, ni maikro-RNA.

Mwanafunzi wa bayolojia anajua kuwa jeni huutuma ujumbe wake kwa RNA, mithili ya tarishi, ili protini itengenezwe. Maikro-RNA ni kipande chenye herufi 22 hivi, nacho humnasa tarishi huyo njiani na kumziba kinywa. Katika titi lenye afya kazi hiyo ina manufaa. Lakini katika uvimbe wa saratani, maikro-RNA iitwayo miR-21 mara nyingi huzidi kiasi, ikaunyamazisha ujumbe wa PTEN, jeni inayozuia seli kuongezeka ovyo. Seli hizo basi huwa kama matatu iliyokatika breki mteremkoni.

Yamkini msomaji atauliza: mbona isizimwe tu? Mwaka wa 2010 watafiti wa Marekani waliizima miR-10b katika panya. Saratani ilipungua kuenea mapafuni, ila uvimbe wenyewe ukaendelea kukua. Dawa nyingine, iliyoiga miR-34a, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali. Majaribio yakasimamishwa mwaka wa 2016 baada ya kinga ya mwili kuwageukia baadhi yao, na wengine wakafa. Kuifikisha dawa kwenye uvimbe pasipo kuudhuru mwili mzima ndiko kwenye kazi, wala kazi hiyo haijakamilika.

Wapo pia wanaotumaini kuitambua saratani kwa maikro-RNA zilizomo katika damu. Ni tumaini jema, ingawa matokeo ya uchunguzi mmoja yamekuwa yakikinzana na ya mwingine. Nani basi amwambie mama mwenye kivimbe asubiri? Hapa Kenya saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi, na wengi hufika hospitalini ikiwa imekwisha kuenea. Serikali ikinitaka ushauri, fedha za kwanza ningezipeleka kwa wataalamu wa kukichunguza kipande cha uvimbe kwa darubini, katika hospitali za kaunti, majibu yatoke kwa siku wala si kwa miezi.