Ramani Isiwe Siri ya Wakubwa

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 30. Ilielezwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Jiulize: mafundi waliofunga nondo za ghorofa ya 11 walionyeshwa ramani?

Mafundi wetu wengi wamejifunza kazi kwa kutazama. Mikono wanayo, ramani hawaisomi. Si uchawi! Kwa kipimo cha 1:100, sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya ukuta. Mchoro wa nondo hutaja unene, idadi na nafasi. Anayeusoma hadanganywi kuweka milimita 12 palipoandikwa 16.

Siku hizi michoro huchorwa kwa kompyuta. Ghorofa huongezwa kwa kubonyeza kitufe, lakini nguzo ya chini haiongezeki nguvu!

Tunasema: Serikali ifungue vyuo vya ufundi jioni, walalahoi wafundishwe kusoma ramani, kisha kuchora kwa kompyuta. Fundi asiyejua ramani hana mdomo wa kumkatalia tajiri. Nawe unayejenga, dai nakala yako. Ni haki yako!