Afya Nyumbani: Goti Jipya na Ugonjwa wa Kisukari

Safari hii ukurasa wetu wataka kunena habari za magonjwa mawili yapendayo kukaa katika mtu mmoja, yaani kuharibika kwa viungo na kisukari. Na jinsi impasavyo mtu huyo kujitengeneza kabla ya kulala juu ya meza ya mpasuaji.

Akaaye katika miteremko ya Kilimanjaro hana haja ya kuambiwa goti ni kitu gani. Mama aliyepanda miaka thelathini toka tambarare mpaka kihambani, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, magoti yake ndiyo yaliyolipa. Gegedu, ile ngozi nyororo ifunikayo ncha za mifupa, huliwa kidogo kidogo hata mfupa ukasagana na mfupa. Dawa za maumivu zikiisha kushindwa, mpasuaji aweza kuondoa sehemu zilizoharibika na kutia kiungo cha madini na plastiki ngumu. Kazi hii ilipata nguvu tangu mwaka wa 1962, Mwingereza John Charnley alipofanikiwa kwa nyonga katika hospitali ya Wrightington. Siku hizi hufanywa nchini mwetu, kama katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Na hapa Moshi hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka wa 1971, ina idara ya mifupa.

Kisukari nacho si mgeni tena. Wataalamu walipima watu wa vijiji vya Tanzania, vya Kilimanjaro vikiwamo, na habari yao ilipochapwa mwaka wa 1989 wagonjwa walikuwa chini ya mtu 1 katika 100. Upimaji wa nchi nzima wa mwaka wa 2012 uliona karibu 9 katika 100 ya watu wazima. Wengi wao hawakujua ya kuwa wanao ugonjwa huo. Na wako ambao huujua kwa mara ya kwanza siku wanapopimwa damu kwa ajili ya goti.

Sasa, kwa nini daktari wa mifupa aulize habari za sukari? Kwa maana damu yenye sukari nyingi hulegeza chembe nyeupe, zile zipiganazo na vijidudu, na jeraha hukawia kufunga. Tena kiungo cha madini hakina damu ndani yake. Vijidudu vikifika juu yake hujifunika utando, na dawa ya kuviua haipenyi vema. Hapo mgonjwa hupasuliwa mara ya pili, pengine goti lile jipya hutolewa kabisa, naye akakaa majuma mengi pasipo goti lolote la kukanyagia. Hiyo ndiyo hofu ya daktari.

Kipimo kinachotumika sana huitwa hemoglobini A1c. Hakionyeshi sukari ya leo tu, bali huonyesha jinsi ilivyokuwa kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, hata mtu aliyefunga kula ndizi siku tatu kabla ya kwenda hospitali hawezi kukidanganya. Madaktari wengi hutaka kiwe chini ya 8 katika 100, wengine 7.5. Madaktari wa viungo wa Marekani walitoa shauri mwaka wa 2023 kwamba mwenye sukari isiyotulia angojee kwanza itengenezwe, lakini hawakuweka namba moja kuwa mpaka wa wote. Nao walifanya vema, kwa kuwa namba hii ina udhaifu wake. Mtu mwenye selimundu, ambaye mara nyingi nyonga yake huharibika angali kijana, chembe zake nyekundu hufa upesi, basi kipimo chaweza kusema uongo. Vivyo hivyo kwa aliyeongezewa damu karibuni. Watu hao yafaa wapimwe sukari ya kidoleni mara nyingi, au kwa njia nyingine ambayo daktari huijua.

Hapa ndipo ugomvi uanzapo nyumbani. Tuseme yuko mzee wa Machame, ng'ombe ameuzwa, watoto walioko mjini wametuma fedha, ndugu wamekwisha kuagana naye, kisha daktari asema, "Rudi baada ya miezi mitatu." Wana huona baba yao ameonewa. Tena wana neno la haki: mtu asiyeweza kutembea kwa maumivu, sukari yake itashukaje? Kwa maoni yangu neno hili lapasa kusikiwa, wala mgonjwa asiahirishwe mwaka hata mwaka akingojea namba ambayo hataifikia kamwe. Lakini miezi mitatu si mingi, kama ikitumiwa. Anayerudishwa nyumbani na aulize: Je, dawa zangu zitabadilishwa? Nitapimwa lini? Nani atanitazama huku kijijini? Akirudi bila majibu hayo, amepewa kungoja tu, na kungoja hakuponyi.

Kwa chakula, mtori na ndizi havikukatazwa. Neno ni kipimo, na kwamba mboga na maharage vichukue nafasi katika sahani. Chai ya vijiko vinne vya sukari ndiyo iachwe. Mbege nayo ina wanga na kileo pamoja, na kwa amezaye glibenklamidi, kileo pasipo chakula chaweza kuishusha sukari mpaka mtu akazimia. Asiyeweza kutembea na aketi kitini, anyoshe mguu mmoja na kuushusha, kisha wa pili, mara nyingi kwa siku.

Kuna jambo moja tena ambalo wagonjwa hawalisemi. Sindano ya steroidi ndani ya goti huituliza kweli, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na madaktari hutaka miezi mitatu ipite kati ya sindano hiyo na kupasuliwa, kwa hofu ya vijidudu. Wengine humeza prednisoloni za dukani pasipo cheti. Waseme. Waseme na mitishamba. Nanyi walimu, mwaweza kusaidia sana: waandikieni wazee majina ya dawa zao zote katika karatasi moja, na saa za kumeza.

Siku ya kupasuliwa mgonjwa hafungui kinywa. Kwa hiyo mwenye kisukari aombe kuwekwa wa kwanza asubuhi, asikae na njaa mpaka alasiri. Glibenklamidi haimezwi asubuhi hiyo. Metformini kwa kawaida huachwa pia. Dawa zile mpya zitoazo sukari kwa mkojo, kama empagliflozini, huachwa siku tatu mbele. Insulini ya muda mrefu haiachwi yote, hupunguzwa kadiri ya neno la daktari. Mtu asijipangie mwenyewe.

Baada ya kupasuliwa sukari hupanda hata kwa asiyekula kitu, kwani mwili uliojeruhiwa huimwaga kutoka ini. Wauguzi hutaka ikae kati ya 6 na 10, na pengine huleta insulini kwa siku chache. Wako ndugu wakataao sindano hiyo, wakidhani ni dalili ya mauti. Lakini kijana Leonard Thompson wa Toronto alikuwa karibu kufa alipodungwa mwezi wa Januari 1922, akaishi miaka 13 zaidi.

Watazamaji waletao soda na maji ya matunda waulize kwanza. Ila mgonjwa akitoka jasho, akatetemeka na kusema ovyo, muuguzi aitwe mara moja. Sukari ikiwa chini ya 4 apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani.

Akisharudi nyumbani, nyayo zake zitazamwe kila jioni, maana kidonda cha mguuni chaweza kupeleka vijidudu hata gotini. Jeraha likiendelea kutoa maji, au goti likiwa jekundu na la moto, arudi kule kule alikopasuliwa. Asimeze kwanza vidonge vya kuua vijidudu vya dukani. Huficha usaha, na daktari atakapovuta maji ya goti ayapime, hatakiona kijidudu anachokitafuta.