Kelele za Umeme Hazitibiwi kwa Kikuza

Mtu anayesikiliza mawimbi marefu ya redio, asikie mikwaruzo mitupu, aghalabu hudhani kwamba chombo chake ni dhaifu. Hurefusha antena, au hutafuta kikuza cha kuweka kati ya antena na kipokezi. Kikuza kikishafungwa, sauti huongezeka kweli. Lakini kinachoongezeka ni kelele pamoja na ishara, kwa kipimo kilekile. Ishara haitambuliki kwa ukubwa wake bali kwa uwiano wake na kelele inayoizunguka, na katika masafa ya chini kikuza hakiuongezi uwiano huo hata kidogo. Pengine huupunguza, kwa kuwa nacho kina kelele zake na hulemewa upesi na stesheni zenye nguvu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba dawa ya kwanza ni kuitafuta kelele mahali inapozaliwa na kuikata katika njia inayopita, na kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa na shule za sekondari kwa vyombo vichache vya bei nafuu.

Yafaa kwanza kueleza masafa yenyewe. Mwaka 2007 Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio, uliokutana Geneva, uliwatengea wanaredio wa ridhaa kipande cha kilohezi 135.7 hadi 137.8. Upana wake ni kilohezi 2.1 tu, usiotosha vyema hata mazungumzo ya mtu mmoja. Mwaka 2012 mkutano mwingine uliongeza kilohezi 472 hadi 479. Katika kilohezi 137 wimbi moja lina urefu wa mita 2,190 hivi. Antena ya mita 20, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni mlingoti wa kutisha, haifikii hata sehemu moja kwa mia ya urefu huo. Kwa hiyo nguvu nyingi ya mrushaji hupotea kama joto katika koili na ardhini, na kinachonururishwa hakiruhusiwi kuzidi wati 1. Hata hivyo ishara za namna hiyo zimevuka bahari. Zilivuka kwa sababu upande wa pili palikuwa na msikilizaji aliyetuliza kelele zake. (Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, yanayofuata yanahusu kusikiliza tu.)

Kelele nazo si za aina moja. Karl Jansky, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, alipewa kazi ya kuchunguza mikwaruzo iliyosumbua simu za redio. Mwaka 1932 aliigawa katika mafungu matatu: ya radi za karibu, ya radi za mbali, na mvumo hafifu ambao mwaka uliofuata alieleza kwamba unatoka katika Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota uonekanao usiku. Elimu ya kuchunguza nyota kwa redio ilianzia hapo. Jansky alizipanga kelele zake kwanza, akatazama upande zinakotoka na saa zinapotokea, na utaratibu huo ndio unaokosekana kwa wengi wanaokimbilia dukani.

Katika masafa ya chini mvumo wa nyota haumsumbui mtu, bali radi. Na Afrika ya kati na mashariki ina radi nyingi kuliko karibu sehemu zote za dunia. Hesabu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba Ziwa Maracaibo la Venezuela hupigwa kwa wastani na miale 233 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka, na anayelifuata ni Kabare, katika Kivu, mashariki ya Kongo, kwa miale 205. Usiku mawimbi marefu huenda mbali sana kati ya ardhi na ayonosfia, hata msikilizaji wa pwani akapokea mipasuko ya radi za Kongo na za Ziwa Viktoria chini ya anga lake jeupe lisilo na wingu. Radi hazizimiki. Lakini asubuhi, kabla mawingu hayajajijenga juu ya nchi kavu, kelele za radi hupungua, na ndipo inapodhihirika kelele ya pili, ile ya binadamu, ambayo wengi huihesabu kimakosa kuwa ni ya mbinguni.

Kelele hiyo yatoka wapi? Zamani adapta ilikuwa na transfoma nzito iliyopunguza umeme wa volti 230 kwa mizunguko ileile 50 kwa sekunde, nayo haikuwa na neno na mtu. Adapta za siku hizi hugeuza kwanza umeme kuwa mkondo mnyoofu, kisha huukatakata mkondo huo mara makumi ya maelfu kwa sekunde, ili transfoma ndogo itoshe. Kila mkato ni wa ghafla, na badiliko la ghafla la mkondo huzaa, pamoja na masafa yake ya asili, mawimbi mengine yenye masafa mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Adapta inayokata mara 68,500 kwa sekunde ina wimbi la pili katika kilohezi 137, katikati ya kipande cha wanaredio. Tena kasi ya kukata haitulii: huyumba kwa joto na kwa mzigo, na kwa hiyo kelele hutambaa huku na huko. Hivyo ndivyo zilivyo chaja za simu, taa nyingi za LED, televisheni, na baadhi ya vidhibiti vya chaji vya umeme wa jua. Nyumba isiyo na waya wa serikali haimo salama kwa sababu hiyo tu.

Uchunguzi huanza kwa jambo jepesi. Kipokezi kiendeshwe kwa betri. Antena ing'olewe: kelele ikianguka, basi inatoka nje ya kipokezi, na kikuza hakina kazi. Antena irudishwe, kisha mtu mzima mwenye dhamana azime swichi kuu ya nyumba. Kelele ikipungua, mkosaji yumo ndani. Hapo swichi kuu iwashwe tena, na vyombo vichomolewe kimoja kimoja, huku mwanafunzi mmoja akiandika saa, chombo, na kiasi cha badiliko. Sikio nalo hufundishwa. Mvumo mzito wa mizunguko 100 kwa sekunde hueleza kwamba chombo kinalishwa na umeme wa mizunguko 50, kwa kuwa umeme huo una vilele 100 kila sekunde. Mota yenye brashi hukwaruza. Uzio wa umeme hugonga karibu mara moja kwa sekunde, kama saa. Radi haina mpango wowote.

Asiye na kipokezi cha mawimbi marefu aweza kuanza na redio ndogo ya mawimbi ya kati, aiweke karibu na kilohezi 550 mahali pasipo na stesheni. Mawimbi ya juu ya adapta hufika hata huko. Ndani ya redio hiyo mna fimbo ya feraiti iliyozungushiwa waya, na fimbo hiyo haisikii vizuri upande inakoelekeza ncha zake. Redio ikizungushwa mpaka kelele izame, ncha ya fimbo yaelekea kwa mkosaji, au kwa waya uliobeba kelele yake. Onyo moja halina budi kutolewa: adapta isifunguliwe. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa hufika volti 325, na kapasita huuhifadhi hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Chanzo kisipoweza kuondolewa, kwa mfano kikiwa ni cha jirani asiyetaka kusikia, lililobaki ni kuizuia njia. Umbali ndio msaada mkubwa zaidi, na nguvu yake hudharauliwa. Katika kilohezi 137 uga wa karibu wa chanzo hufika mita 350 hivi. Yaani nyumba nzima, na pengine mtaa mzima, umo ndani ya uga huo. Humo uga sumaku wa chanzo kidogo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali: antena ikihamishwa kutoka mita 5 hadi mita 10, kelele hubaki moja ya nane, ikifika mita 20, moja ya sitini na nne. Kelele inayosambazwa na nyaya ndefu za nyumba hupungua polepole zaidi, lakini hupungua. Ishara ya mbali kwa upande wake haibadiliki kwa hatua hizo chache. Hakuna kikuza kinachoweza kufanya kazi ya mita 15 za kebo.

Kebo yenyewe, hata hivyo, yaweza kuwa msaliti. Kelele ya nyumba hupanda juu ya ganda lake la nje na kutembea mpaka kwenye antena, na huko huingia kana kwamba imetoka angani. Wengi hubandika pete moja ya feraiti kwenye kebo wakaridhika. Hesabu ya kidato cha nne yaonyesha kwa nini haitoshi. Kebo ikipita mara moja katika pete inayotoa maikrohenri 1, kizuizi chake katika kilohezi 137 ni omu 0.86 tu, ambacho si kizuizi. Lakini henri huongezeka kwa mraba wa idadi ya mizunguko: kebo ileile ikizungushwa mara 20 katika pete ileile, kizuizi hufika omu 344. Bora kuliko hapo ni transfoma ndogo yenye nyuzi mbili zisizogusana, iwekwe chini ya antena, na antena ipewe waya wake wenyewe wa ardhini, mbali na ule wa nyumba.

Antena inayofaa shule ni ya kitanzi: fremu ya mbao, waya uliozungushwa mara kadhaa, na kapasita ya kulinganishia. Kitanzi chenye milihenri 1 kitalingana na kilohezi 137 kwa kapasita ya pikofaradi 1,350. Uzuri wake u katika upande asiousikia. Kikigeuzwa nyuzi 60 kutoka upande kinaosikia vizuri kabisa, bado hupokea nusu ya volti za awali; lakini nyuzi 90 hukaa kimya. Kwa hiyo msikilizaji aweza kukigeuzia kisogo chanzo kibaya kuliko vyote bila kuipoteza stesheni anayoitafuta, ila pale ambapo vyote viwili vimo katika mstari mmoja.

Kuna wanaosema kwamba taabu yote hii imepitwa na wakati, kwa kuwa kompyuta zaweza kuitoa ishara katika kelele. Dai hilo lina uzito. Mwaka 2008 Joseph Taylor, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1993, alitoa programu ya WSPR, ambayo huchukua karibu dakika mbili kutuma ujumbe wa maneno machache. Na mwaka 2021 ilitoka FST4W kwa ajili ya masafa ya chini hasa, ambayo ujumbe wake mmoja waweza kuchukua nusu saa. Kelele iliyosambaa sawasawa hupungua pamoja na upana wa chujio: kutoka hezi 2,500 hadi hezi 1, nguvu yake hupungua mara 2,500, yaani desibeli 34. Lakini kelele ya adapta haikusambaa sawasawa. Imejikusanya katika mistari inayotambaa, na mstari mmoja ukiangukia mahali pa ishara, chujio jembamba huupokea kwa ukarimu uleule. Programu hizo zilitungwa ili kuvuka mahali ambapo radi na umbali vimefika mwisho wa uwezo wa binadamu. Kuzitumia kusamehe chaja iliyo mezani ni kuzipotezea faida yake.

Linabaki jambo lisiloweza kutatuliwa na msikilizaji peke yake. Kamati ya kimataifa ya kuzuia kelele za redio, CISPR, ilianzishwa mwaka 1934, na mipaka yake hufuatwa na nchi nyingi. Kwa taa na majiko ya induksheni mipaka hiyo huanzia kilohezi 9. Lakini kwa kompyuta, televisheni na vyombo vya jamii hiyo pamoja na adapta zake, mipaka ya kelele zinazopita katika waya wa umeme huanzia kilohezi 150. Kipande cha wanaredio kiko chini kidogo ya mstari huo. Adapta yaweza kutimiza masharti yote na bado ikafunika kilohezi 137 kabisa. Kwa kiasi fulani pengo hilo lina historia: Ulaya, kwa mfano, huruhusu ishara kutumwa katika nyaya za umeme kati ya kilohezi 3 na 148.5. Lakini ishara iliyotumwa kwa kusudi ni jambo moja, na takataka ya chombo kisicho na chujio ni jambo jingine; haifai la pili lipate hifadhi chini ya la kwanza.

Chujio linalohitajika ni koili na kapasita chache. Mashirika ya viwango ya nchi zetu yangefanya vyema kupima chaja na taa zinazoingia kuanzia kilohezi 9 badala ya 150, hata kabla ya kuweka sharti lolote, ili ijulikane kwanza ukubwa wa tatizo. Daftari la shule lililoandikwa kwa uangalifu, likitaja chombo, tarehe, saa, umbali wa antena na kiasi ambacho kelele ilishuka chombo kilipochomolewa, laweza kupelekwa katika ofisi hizo kama ushahidi wa mwanzo.