Tusiukate Waya wa Ardhi

Natoa maoni yangu juu ya jambo lililotokea katika ukumbi wetu muhula uliopita.

Wasomaji watakumbuka ya kuwa kila Jumamosi jioni, tulipotazama sinema, sabufa, yaani lile sanduku la spika litoalo sauti nzito, lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki. Mwenzetu mmoja alichukua bisibisi, akafungua plagi ya amplifaya, akaukata waya wa rangi ya kijani na manjano. Mvumo ukakoma pale pale. Tulimpigia makofi, na mimi nilikuwa mmoja wa wapiga makofi. Leo naona ya kuwa tulishangilia hatari.

Asili ya mvumo ule ni hii. Umeme wa hapa Uganda, kama ule wa Kenya na Tanzania, huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Sauti ya hesabu hiyo ni nzito, na sabufa imeundwa hasa kwa sauti za namna hiyo; kwa hiyo umeme kidogo tu ukipenya katika waya wa sauti, sabufa huutangaza kwa nguvu. Katika ukumbi wetu amplifaya ilichomekwa soketi ya jukwaani, na sabufa soketi ya ukuta wa pili. Kila moja ilikuwa na waya wake wa ardhi, tena waya wa sauti uliziunganisha zote mbili. Basi pakawa na njia ya duara, na umeme mdogo ukawa unazunguka humo.

Yafaa kutafuta ubaya kama huu hatua kwa hatua. Kwanza tuzime vyombo vyote, tuchomoe waya wa sauti nyuma ya sabufa, kisha tuiwashe peke yake. Ikiwa ingali inavuma, ubaya umo ndani yake, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikinyamaza, ubaya waja kwa njia ya waya. Hapo turudishe waya, tuondoe chombo kimoja kimoja, king'amuzi, antena, kompyuta, mpaka tukione kiletacho mvumo. Dawa zake si ngumu: kuchomeka vyombo vyote mahali pamoja, mradi visizidi uwezo wa soketi, kuweka waya wa sauti mbali na nyaya za umeme, au kununua transfoma ndogo ipitishayo sauti bila kuziunganisha ardhi za vyombo viwili.

Wako wasemao, "Mbona waya ulikatwa na hakuna aliyekufa?" Nawajibu ya kuwa waya wa ardhi haukuwekwa kwa ajili ya siku njema. Siku waya wenye umeme utakapolegea na kugusa sanduku la chuma, waya wa ardhi huupeleka umeme huo kwa wingi hata fyuzi ikakatika. Sisi tulipoukata, njia pekee iliyobaki ni ule waya mwembamba wa sauti, ambao haukuundwa kwa kazi hiyo. Ukiungua, au mtu akiuchomoa, sanduku laweza kubaki na volti 240 bila kutoa dalili yo yote. Na ni nani huyasogeza masanduku yale kila Jumamosi? Ni wadogo zetu wa kidato cha kwanza, tena mara nyingi miguu mitupu, sakafu ikiwa bado na maji ya deki.

Nilimweleza mwalimu wetu wa fizikia, naye akaagiza plagi itengenezwe. Sasa vyombo vyote vimechomekwa mahali pamoja, na mvumo umepungua sana, ijapokuwa haujaisha. Baadhi ya wenzangu hunilaumu ya kuwa niliwaharibia sinema, na wapo watakao waya ukatwe tena kabla ya siku ya wazazi. Mimi nakataa. Fedha ya transfoma twaweza kuichanga sisi wenyewe, kidogo kidogo. Mpaka itakaponunuliwa, sharti tuuvumilie mvumo huo mdogo. Ni afadhali wazazi wetu wausikie kuliko kuitwa shuleni kwa msiba.